Sekunde Kumi na Tisa za Daraja la Kisebe

Nchi hii haimo katika ramani yoyote, kwa sababu ramani yake bado haijazinduliwa. Imechorwa vizuri, kwa rangi nne, na imekunjwa ndani ya kabati la Wizara ikimsubiri mgeni rasmi. Msomaji asihangaike kuitafuta. Inatosha ajue kwamba inaitwa Jamhuri ya Nderemo, na kwamba humo hakuna kitu kinachoanza kuwapo kabla hakijazinduliwa.

Shule ikijengwa, wanafunzi husomea nje huku wakiitazama, mpaka siku utepe wake utakapokatwa. Kisima kikichimbwa, akina mama hupita kando yake na ndoo tupu wakikisifu kwa sauti ya chini. Mtoto wa Nderemo hufundishwa mambo mawili kabla ya kujua kusoma: asicheze na moto, na asivuke utepe ambao haujakatwa. Kuhusu moto, wapo wanaosahau. Kuhusu utepe, katika historia yote ya Jamhuri ni mtu mmoja tu aliyewahi kuuvuka, naye alikuwa mgeni kutoka nchi ya mbali aliyekuwa akitafuta choo.

Kwa muda mrefu simu zilikuwa nje ya utaratibu huu. Watu walipiga picha, wakatumiana, na maisha yakaendelea. Kisha Mheshimiwa Waziri wa Shangwe akaalikwa kuzindua video ya kwaya ya akina mama. Alitoa hotuba ya saa moja na robo. Alipobonyeza kitufe na video kuanza, ukumbi mzima uliimba pamoja nayo, beti zote, maana kila mtu alikuwa nayo katika simu yake tangu wiki iliyotangulia. Hakuna aliyeshangaa. Kilisikika kigelegele kimoja tu, na baadaye ikagundulika kwamba kilikuwa mlio wa simu.

Bunge lilikutana kwa dharura. Likapitisha Sheria ya Uzinduzi wa Maudhui, iliyosema kwamba picha, sauti au video yoyote haitatoka katika simu moja kwenda nyingine kabla ya kuzinduliwa. Video ya chini ya sekunde kumi ingezinduliwa na Afisa Tarafa. Ya kuanzia sekunde kumi hadi dakika moja, na Mkuu wa Wilaya. Inayozidi dakika moja, na Waziri mwenyewe. Kuzungumza kwa simu kuliruhusiwa, kwa kuwa maneno matupu hayajawahi kumdhuru mtu serikalini.

Wananchi walizoea. Ilifika mahali mtu akiambiwa jambo kwa mdomo huuliza kwanza, "Video yake imezinduliwa?" Kama haijazinduliwa, humrudishia jambo lake aliyelileta.

* * *

Bwana Melkiori Ngasala aliyajua haya kuliko mtu yeyote, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akiyaandika. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa Mwandishi wa Ratiba katika Idara ya Uzinduzi, mjini Mabwe. Yeye ndiye aliyeamua nani aketi meza kuu, nani atangulie kushukuru, na maneno "itifaki imezingatiwa" yasemwe mara ngapi. Alikuwa mtu mwembamba na mpole, mwenye uchovu wa aina ile usioisha kwa kulala. Aliwahi kuandika ratiba ya uzinduzi wa ratiba. Hakucheka siku ile, na hakucheka baadaye.

Jumamosi moja alikwenda ng'ambo ya Mto Kisebe kumsaidia mke wake, Asteria, kubeba tenga la nyanya. Asteria alinunua nyanya kwa wakulima wa ng'ambo na kuziuza kwenye gulio la Mabwe. Walikuwa wakirudi, na wamefika katikati ya daraja la waenda kwa miguu, Asteria aliposimama.

"Baba Devota, hebu tazama hapa."

Devota ni binti yao, mwalimu katika mkoa wa mbali. Bwana Ngasala alitua tenga, akatazama. Sakafu ya zege ilikuwa na ufa uliotoka ukingo mmoja hadi wa pili. Chini ya ufa alionekana mto, ukipita bila haraka.

"Alhamisi ulikuwa hivi?"

"Alhamisi uliingia kidole." Asteria alichutama, akaingiza mkono. "Leo unaingia kiganja. Unaona?"

"Naona."

"Na Alhamisi ijayo ni gulio."

Hakuhitaji kueleza zaidi. Kila Alhamisi alfajiri watu wa vijiji sita vya ng'ambo walivuka hapo kwa pamoja, watu mia tatu na mizigo yao, na mbuzi wao, na bibi zao. Njia nyingine ilikuwa barabara ya Kilimani, mwendo wa saa mbili kwa kuzunguka.

"Piga, Baba Devota," alisema Asteria, mkono wake ukiwa bado ufani. "Piga uwatumie watu wa ng'ambo."

Akapiga. Video ilikuwa ya sekunde kumi na tisa. Ilionyesha mto, mguu wa Asteria, ufa, mkono unaoingia ufani mpaka kwenye bangili, na sauti yake ikirudia maneno yale yale.

"Haya, tuma."

"Mama Devota, unaijua kazi yangu."

"Naijua. Ndiyo maana nakuomba wewe, sijamwomba mbuzi."

Akabonyeza ili amridhishe. Simu ilitetemeka kidogo, ikaandika: *Mpendwa mwananchi, maudhui yako hayajazinduliwa. Hongera kwa uvumilivu wako.*

"Basi ikate," alisema Asteria. "Ibaki sekunde tisa, umpelekee Afisa Tarafa leo hii."

"Kukata ni kazi ya mgeni rasmi," alijibu Bwana Ngasala. Alisema hivyo kwa masikitiko ya kweli. Kilikuwa kifungu cha nne.

Asteria alitoa simu yake mwenyewe, akampigia Bi. Tabu Mwakinga, mkulima wa ng'ambo aliyekuwa rafiki yake kwa miaka kumi na mitano.

"Shoga, Alhamisi usipite darajani. Lina ufa."

"Nani kasema?"

"Mimi. Nimeingiza mkono."

"Mh! Video iko wapi?"

"Ipo kwa mzee. Haijazinduliwa."

Bi. Tabu alishusha sauti, kama mtu anayeona aibu kwa niaba ya rafiki yake. "Basi shoga," alisema kwa upole, "tutaonana Alhamisi."

* * *

Jumatatu asubuhi Bwana Ngasala alipiga simu Ofisi ya Madaraja.

"Daraja la Kisebe?" aliuliza mhandisi wa zamu. Zilisikika karatasi zikifunuliwa. "Hotuba ya uzinduzi ilisema litadumu miaka mia moja. Limekwisha kutumia minane. Kwa hiyo bado lina miaka tisini na miwili."

"Lakini lina ufa, Mhandisi."

"Nimeisoma hotuba yote. Ufa haumo."

"Je, mtu anaweza kuja kulitazama?"

"Kulitazama ni ukaguzi, na ukaguzi unazinduliwa. Ninyi ndio mnaopanga tarehe, ndugu yangu. Mkishapanga, mtuambie."

Bwana Ngasala alishukuru, akaweka simu chini. Aliikumbuka hotuba ile. Alikumbuka pia jiwe la uzinduzi lililosimamishwa upande wa Mabwe, lenye majina ya viongozi kumi na wanne. Zege la jiwe lile lilikuwa zuri sana. Halikuwa na ufa hata mmoja.

Akachukua fomu, akaijaza kwa mwandiko wake safi, akateremka ghorofa moja hadi dirisha la maombi. Nyuma ya dirisha aliketi Bi. Rukonge, ambaye walikuwa wamefanya kazi pamoja kwa miaka kumi na minne.

"Jina?"

"Bi. Rukonge, ni mimi."

"Jina kamili, mzee wangu."

"Jamani, si tumekunywa chai pamoja sasa hivi?"

"Nimekunywa chai na Mwandishi wa Ratiba. Hapa dirishani amekuja mwombaji."

Sentensi ile Bwana Ngasala alikuwa amemfundisha yeye mwenyewe, katika semina. Akataja jina lake lote.

Bi. Rukonge aliitazama video mara tatu, uso wake ukizidi kuwa mzito.

"Kuna sauti ya mwanamke."

"Ni mke wangu. Unamjua, Asteria."

"Ni msemaji ambaye hajatambulishwa. Alete wasifu wake na picha mbili, na aeleze kwa maandishi sababu ya kuzungumza kabla ya mgeni rasmi." Akasogeza miwani. "Na mkono huu?"

"Wake pia."

"Unafanya nini?"

"Unaingia ufani, Bi. Rukonge. Daraja linavunjika."

"Basi hayo ni maonyesho, na maonyesho yana fomu yake." Akaichomoa fomu ya kijani. Kisha akainama karibu na tundu la dirisha na kunong'ona, kama rafiki sasa: "Pole, Melkiori. Mama yangu yuko ng'ambo. Fanya haraka."

"Nifanyeje haraka?"

Bi. Rukonge alifikiri kwa bidii. "Sijui," alisema. "Hatuna fomu yake."

Jioni ile Asteria aliandika wasifu wake mezani, akiwa bado na aproni. Kwenye elimu aliandika darasa la saba. Kwenye uzoefu aliandika nyanya.

"Hapa pameandikwa 'mafanikio'. Niweke nini?"

"Weka umeishi na mimi miaka ishirini na saba."

"Hayo si mafanikio, Baba Devota. Hiyo ni adhabu iliyokosa rufaa." Akaandika hata hivyo.

* * *

Jumatano Mkurugenzi wa Uzinduzi, Dokta Balthazari Chilonwa, alimwita Bwana Ngasala ofisini kwake. Dokta Chilonwa alikuwa mtu mkubwa, mchangamfu, ambaye hata alipoomba maji alisimama kwanza na kuwatambua waliokuwapo. Faili la daraja lilikuwa wazi mbele yake.

"Bwana Ngasala! Kazi nzuri! Kwa miaka mitatu hapa napokea video za vipaimara na ng'ombe wa maonyesho. Hii ina uzito. Ina maji, ina zege, ina mwanamke. Mimi naona tukio la kitaifa!"

"Asante, Mheshimiwa. Ombi langu ni moja tu. Izinduliwe leo, kwa sababu kesho ni—"

"Na nimepata wazo." Dokta Chilonwa alisimama. "Hatutaizindua ukumbini. Tutaizindua darajani penyewe!"

Bwana Ngasala aliweka kidole juu ya faili la daraja.

"Mheshimiwa, daraja lina ufa."

"Ndiyo! Uhalisia! Mgeni rasmi anabonyeza kitufe, wananchi wanatazama skrini, wanaona ufa, wanainamisha vichwa, wanauona ufa wenyewe. Nchi gani imewahi kufanya hivyo?"

"Watakuwa watu mia tatu juu yake, Mheshimiwa."

"Mia nne. Umesahau kwaya."

"Litaanguka."

Dokta Chilonwa alimtazama kwa huruma, kama daktari amtazamavyo mgonjwa anayejitibu. "Bwana Ngasala, umechoka. Video inayosema litaanguka imezinduliwa?"

"Bado, Mheshimiwa."

"Basi tusiitangulie." Akafungua shajara ya Mkuu wa Wilaya, akapitisha kidole juu ya kurasa. Mkuu wa Wilaya alikuwa na vipaimara, mashindano ya bao, uzinduzi wa choo cha stendi, na marudio ya uzinduzi wa choo cha stendi, kwa kuwa mara ya kwanza kipaza sauti kilikatika. Kidole kilisimama. "Hapa. Tarehe kumi na nne, baada ya miezi minane. Andika ratiba."

Bwana Ngasala alirudi mezani kwake. Alikunjua karatasi, akaandika "Saa mbili kamili: Wageni waalikwa kuwasili." Mkono ukasimama hapo. Katika miaka ishirini na miwili haikuwahi kutokea mkono wake usimame baada ya mstari wa kwanza.

Alitazama dirishani. Chini, uani, vijana wa bohari walikuwa wakishusha mabunda ya utepe mwekundu kwa ajili ya choo cha stendi. Mfagizi aliyekuwa akikatiza ua alifika penye utepe uliofunguka kidogo chini, akasimama. Alitazama kushoto na kulia, akauzunguka ua mzima.

Bwana Ngasala alimtazama mfagizi yule mpaka alipotoweka. Kisha akashika kalamu, akajaza hati ya kutolea vifaa: *Utepe mwekundu, mita kumi na mbili. Sababu: mazoezi.*

* * *

Alhamisi, kabla jua halijachomoza vizuri, yeye na Asteria walikuwa kwenye jiwe la uzinduzi. Bwana Ngasala alifunga utepe upande wa Mabwe, kutoka nguzo hadi nguzo, na kwa mazoea akatengeneza ua katikati. Lilikuwa ua zuri.

"Ng'ambo je?" aliuliza Asteria.

Hilo ndilo lililokuwa limebaki. Watu wangetokea ng'ambo. Utepe wa upande huu wangeukuta wakiwa tayari wote darajani.

"Nitavuka mimi," alisema Bwana Ngasala.

"Wewe? Unaogopa hata lifti."

"Mama Devota, si wakati wa—"

"Nani mwepesi kati yetu? Sema kweli."

"Mimi ndiye mwepesi."

"Wewe ni mwembamba, si mwepesi. Ukitembea unakanyaga kama unagonga mihuri." Alikwisha kuvua viatu. Akauchukua utepe uliobaki, akauviringisha kichwani kama kilemba. "Nikianguka, usiandike ratiba ya mazishi yangu. Wanizike tu, waende nyumbani."

Akainama chini ya utepe. Alikuwa mtu wa pili katika historia ya Jamhuri kufanya hivyo, na Bwana Ngasala, pamoja na hofu yote aliyokuwa nayo, aliona haya.

Alitembea kando kando, ameshika ukingo, nyayo zake zikipapasa zege kabla ya kulikanyaga. Penye ufa alisimama. Sasa ufa haukuwa wa kiganja. Aliupima kwa macho, akakusanya kitenge chake, akaruka. Kipande cha zege chenye ukubwa wa mkate kilidondoka mtoni, na kwa muda Bwana Ngasala hakuona kitu kingine ila miviringo majini. Alipoinua macho, mke wake alikuwa ng'ambo, akifunga utepe kwa mafundo ya mtu anayefunga magunia.

Muda haukuwa mrefu, watu wakaanza kuteremka kilima. Mbele yao alikuwa Bi. Tabu na mbuzi wawili.

"Ehe, Mama Devota! Umelala huku?"

"Daraja limefungwa, shoga."

Bi. Tabu alifungua kinywa kubisha. Ndipo alipouona utepe. Akafunga kinywa, akawavuta mbuzi nyuma hatua mbili. Wote waliokuja nyuma yake walisimama vivyo hivyo, mmoja baada ya mwingine, wakatua mizigo na kuvua kofia.

"Kumbe wanalizindua upya," alisema mzee mmoja kwa heshima. "Mgeni rasmi ni nani?"

"Bado hajateuliwa."

"Na soda zitakuwapo?"

"Sijaambiwa, mzee wangu."

Hakuna aliyeuliza kuhusu ufa, ingawa ulikuwa hatua kumi na tano kutoka walipokuwa. Walisubiri kwa muda wa adabu. Kisha mmoja mmoja wakajitwika mizigo na kushika barabara ya Kilimani, saa mbili za kuzunguka, bila manung'uniko. Asteria alikwenda pamoja nao, peku, kwa kuwa viatu vyake vilibaki upande wa Mabwe. Bwana Ngasala alivibeba mkononi siku nzima ile, hata ofisini, na hakuna aliyemuuliza.

* * *

Siku ya kumi na moja tangu utepe ufungwe, mchana, mvua ikinyesha milimani, daraja la Kisebe liliingia mtoni. Juu yake hapakuwa na mtu, wala mbuzi. Utepe wa ng'ambo ulikwenda na maji. Wa Mabwe ulibaki na ua lake, ukiwa umefungwa mbele ya hewa tupu.

Bwana Ngasala alipopata habari alikwenda chooni, akafunga mlango, akalia kwa dakika nne. Kisha akanawa uso na kurudi kwenye ratiba ya choo cha stendi.

Tume iliundwa, ikazinduliwa, ikatoa taarifa. Dokta Chilonwa aliisoma mwenyewe mbele ya jiwe. Alisema kwamba, kwa mujibu wa kanuni ya saba, utepe mpya unafuta uzinduzi wa zamani. Daraja ambalo utepe wake haujakatwa bado halijafunguliwa. Ambalo halijafunguliwa halijaanza kuwapo, na ambalo halijaanza kuwapo haliwezi kuanguka. Kilichoanguka, kwa hiyo, ni vifaa vya ujenzi. Wananchi walipiga makofi, kwa kuwa ilikuwa habari njema.

Kanuni ya saba ilikuwa imeandikwa na Bwana Ngasala, miaka tisa iliyopita, katika alasiri moja ambayo hakuwa na kazi nyingine.

Hakuna aliyeuliza nani alifunga utepe. Katika Nderemo utepe hufungwa na mamlaka, na mamlaka haiulizwi. Lakini wazee wa vijiji sita walipopeleka ombi la daraja jipya, walijibiwa kwa barua yenye mihuri mitatu kwamba mahali hapo tayari pana daraja linalosubiri kufunguliwa, na Serikali haiwezi kujenga la pili kabla ya kufungua la kwanza. Mgambo wawili walipangwa kulinda utepe, mmoja asubuhi, mmoja jioni.

Hivyo watu mia tatu walikuwa hai, na kila Alhamisi walitembea saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Bwana Ngasala aliwaza mambo hayo mawili kwa pamoja kila alipokunywa chai. Hakuweza kumweleza mtu. Asteria, ambaye alijua, alikuwa akisugua nyayo zake kwa mafuta ya nazi na hakusema neno, na hilo lilimchosha kuliko kama angesema.

* * *

Baada ya miezi minane, tarehe kumi na nne, video ilizinduliwa. Shughuli ilihamishiwa ukumbini, kwa kuwa darajani hapakuwa na pa kuweka viti. Bwana Ngasala alisimama ukutani, nakala ya ratiba mkononi, akiweka tiki.

Kwaya iliimba. Meza kuu ilitambulishwa, na wasaidizi wa meza kuu, na wake za wasaidizi. Itifaki ilizingatiwa mara kumi na moja. Dokta Chilonwa alizungumzia kasi ya Serikali katika kuwapa wananchi tahadhari. Mkuu wa Wilaya, kanali mstaafu aliyekuwa na mafua, alizungumzia mababu zetu, ambao hawakuwa na simu na hata hivyo walituheshimu. Saa tatu na nusu alikata utepe uliofungwa kwenye kompyuta, akabonyeza kitufe.

Palionekana mto. Ulionekana mguu. Ulionekana ufa, na mkono wenye bangili ukiingia. Sauti ya Asteria haikuwapo. Wasifu wake ulikuwa bado kwenye uhakiki, na mahali pake pamewekwa matarumbeta.

Sekunde kumi na tisa ziliisha kabla baadhi ya wageni hawajavaa miwani. Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele, na safari hii havikuwa milio ya simu.

"Ndugu wananchi," alihitimisha Mkuu wa Wilaya, "kuanzia leo, daraja la Kisebe lipitwe kwa uangalifu mkubwa!"

Na video ikatumwa kwa kila simu ya Jamhuri.

Bwana Ngasala hakusubiri chakula. Alitoka, akashika barabara ya Kilimani, kwa kuwa ilikuwa Alhamisi na mke wake alikuwa njiani. Alimkuta kwenye mteremko wa pili, tenga kichwani, Bi. Tabu nyuma yake na mbuzi mmoja. Mtandao wa milimani ulikuwa umechelewa, na ndipo simu zao zilipolia kwa pamoja.

Asteria alitua tenga. Akatazama mpaka mwisho.

"Sauti yangu iko wapi?"

"Wameitoa, Mama Devota."

"Nilisema nini vile? Nimesahau."

"Ulisema, 'Piga uwatumie watu wa ng'ambo.'"

Asteria alitikisa kichwa polepole, akairudisha simu kwenye kifundo cha kitenge. Nyuma yake Bi. Tabu alikuwa ameisogeza simu karibu na macho. Aliitazama mara ya kwanza, na ya pili. Kisha akakaa chini kando ya barabara, akanyoosha miguu yake yenye vumbi, na uso wake wote ukalainika.

"Kumbe ni kweli!" alisema. "Jamani, Mungu mkubwa! Lina ufa! Miezi minane yote nazunguka huku, moyo unaniuma, nasema isije ikawa tunatembea bure."

Bwana Ngasala aliinama, akainua tenga la nyanya, akajitwika. Lilikuwa zito. Walikuwa bado na saa moja na dakika ishirini ya kutembea.

"Twendeni," alisema.